Koili Ipimwe na Moto

Hasira hii nimekaa nayo miaka saba na sijawahi kuionea aibu. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Yeye alisahau. Mimi kila nikishika bisibisi nilimkumbuka.

Nilikuwa fundi katika gereji moja ya Nyeri mjini, chini ya bosi aliyesifika kwa pampu za maji na kila kitu kinachowashwa kwa kuvuta kamba. Siku moja tukaletewa injini ya boti. Watu hucheka nikisema hivyo, kwa maana huku kwetu ni chai, kahawa na baridi ya mlima, lakini kuna hoteli upande wa Nanyuki yenye bwawa, na wageni wake hupenda kuzungushwa majini. Injini ilikuwa kuukuu, ya silinda mbili. Iliwaka vizuri, ikanguruma kama dakika kumi, kisha silinda moja ikanyamaza. Ikipoa, inakuwa nzima tena.

Ugonjwa huo niliujua. Koili, kile kidude kinachoipa plagi umeme wake, inaweza kuwa na waya uliokatika ndani, ncha zikigusana ikiwa baridi na kuachana ikipata joto. Ukiipima ikiwa imepoa, utapima mpaka uchoke. Nikamwambia, "Bosi, hiyo koili ipimwe na moto."

Sasa, katika gereji zetu moto ni ile cheche ya plagi. Injini isiyotoa cheche tunasema haina moto. Bosi akavuta kamba, cheche ikaruka, akawageukia wateja.

"Ati ipimwe na moto? Si moto ndiyo hii! Huyu nilimtoa wapi?"

Walicheka wote. Ningeweza kueleza kwa maneno mengine, lakini niliudhika nikafunga mdomo. Injini ikarudi hotelini vilevile.

Ikazimika katikati ya bwawa, wageni ndani. Meneja wa hoteli, mama mkali tuliyemwita Madam, akairudisha gereji akitoa moshi puani. Bosi hakusita hata kidogo. Alininyooshea kidole mbele ya watu. "Mimi niliacha koili nzuri. Huyu ameitoa akauza, akaweka mbovu. Siku za mwizi ni arobaini!"

Madam akabeba injini yake asimwachie mtu. Mimi nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Jumapili iliyofuata, mzee wa kanisa alinisimamisha mlangoni na kunyoosha mkono bila salamu. Alitaka ufunguo wa chumba cha jenereta ya kanisa, niliyokuwa nikiitunza mimi. Nilimpa, nikaenda kukaa benchi la nyuma.

Nilifungua kibanda changu cha ufundi Gatitu, nje kidogo ya mji. Mwaka huu Madam akasimama mlangoni. Alikuwa ameambiwa kuna fundi wa injini ndogo, na ile ya boti ilikuwa imelala stoo miaka yote. Hakunitambua. Nilifungua kifuniko, nikaona kitu ambacho ningekiona siku ile kama ningeruhusiwa kugusa. Zamani, kabla hata haijaletwa gereji, mtu aliipaka injini rangi ya buluu, na tone moja likateremka kutoka kwenye chuma mpaka juu ya koili. Mstari wa rangi kati ya chuma na koili ulikuwa bado unaungana sawasawa.

"Madam," nikasema, "hii koili haijawahi kubadilishwa. Na mimi ndiye yule mwizi."

Aliinama akaufuata ule mstari wa rangi kwa kidole. Kisha akauliza ninataka nini.

"Mpigie simu. Akuje aipime yeye mwenyewe."

Bosi alikuja asubuhi ya pili yake. Nilikuwa nimemwita pia mzee wa kanisa, na jirani yangu wa saluni alijiita mwenyewe. Niliwaonyesha rangi. Kisha nikampa bosi mita. Akaipima koili ikiwa baridi, ikasoma vizuri, akatabasamu. Nikaazima draya ya nywele pale saluni, nikaipuliza koili robo saa nzima, ili asimame na tabasamu lake mpaka lichoke. Nilifurahia kila dakika.

"Pima tena."

Alipima. Akageuza nyaya za mita, akapima tena.

"Haisomi," alisema chini chini.

"Sema kwa sauti. Mzee hasikii vizuri."

"Haisomi!"

Mzee wa kanisa akainamisha kichwa. Bosi akafuta mikono kwenye suruali, akanisogelea kama tulikuwa marafiki.

"Lakini si ungesema joto, bwana. Wewe ulisema moto. Mimi ningejua aje?"

Nakiri neno hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli. Miaka saba kwa ajili ya neno moja. Nusura nimwonee huruma. Halafu nikakumbuka kile kidole. Kutonielewa ningemsamehe. Lakini mwizi ni neno alilolitamka vizuri kabisa, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Koili nilikuwa nimeishika kwa kitambaa. Nikaiweka polepole kwenye kiganja chake kitupu, kama mtu anayerudisha mali ya mwenyewe. Aliruka, akaiangusha, akaanza kupuliza vidole.

"Ni moto!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Hivyo ndivyo nilivyosema."