Dakika Moja ya Kimya Darasa la Tatu

Aibu hii ningeificha, lakini watoto wa huku kwetu Ilongero wameshaitangaza mpaka mnadani, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na waongeza chumvi.

Mke wangu alifariki mwezi uliopita. Tangu tumzike, binti yetu Zawadi hakufungua mdomo shuleni, hata kuitika jina lake akiitwa, mpaka mwalimu akaniita. Nilipofika akaninong'oneza mlangoni, "Baba Zawadi, nina hofu na huyu mtoto. Kaa nyuma uone tunavyoanza kipindi, kisha tutaongea." Nilitaka kuuliza wanaanzaje, nikaona haya (mimi niliishia darasa la nne, na mtu wa darasa la nne hapendi kuulizauliza mbele ya mwalimu). Kosa langu lote liko hapo.

Nikajibana kwenye dawati, magoti yakanifika kidevuni, na nilikuwa bado nayapanga niliposikia mwalimu akisema taratibu, "Haya wanangu, dakika moja ya kimya." Kuinua macho, watoto wameinamisha vichwa, mmoja mmoja anaweka ngumi kifuani. Jamani, mtu aliyetoka kufiwa angeelewa nini kingine? Nikajua wanamkumbuka Mama Zawadi. Machozi yakanilenga, nikavua kofia, nikasimama (na dawati likasimama nami), nikaweka ngumi kifuani.

Mwalimu akatabasamu. "Ehee, Baba Zawadi naye amepata!"

"Tumepata, mwalimu," nikasema. "Tumepata pigo."

Nadhani kelele za dawati zilimziba masikio. "Haya, umepataje?"

"Ghafla tu. Aliamka anaumwa kichwa, jioni hatunaye." Nikaona nisiishie hapo, nikawashukuru kwa kuja mazikoni, nikashukuru kwa maji na kuni walizoleta, nikawakaribisha na arobaini. Mwalimu kashika chaki, mdomo wazi. Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, kwani yeye kapata ngapi?"

Nikadhani anauliza marehemu ameacha watoto wangapi. "Watatu," nikajibu.

"Kakosa!" darasa zima likalipuka. "Ni sitini na tatu!"

Nikawaza sitini na tatu hao nimewazaa lini. Ndipo Zawadi akasimama.

"Baba, kaa chini. Hawaombolezi, wanahesabu kwa kichwa. Ukipata jibu ndiyo unaweka ngumi."

Nikatazama ubaoni: 38 + 25. Darasa lote kimya, si kwa ajili yangu, ni kwa sauti ile waliyoisahau. Mwalimu hakumshtua, akauliza kama vile ni jambo la kila siku, "Na wewe Zawadi, umepataje?"

"Nimetoa mbili kwenye ishirini na tano, nikaipa thelathini na nane, ikawa arobaini. Halafu nikaongeza ishirini na tatu zilizobaki."

"Nani kapita njia nyingine?" mwalimu akaendelea, na ubishi ukawaka, huyu kaanza na makumi, yule kaanza na mamoja, na Zawadi katikati yao akibisha. Mimi nikakaa polepole, jasho likinitiririka.

Siku hizi nikipita, watoto wananiamkia, "Shikamoo, Baba Sitini na Tatu," na anayecheka kuliko wote ni binti yangu mwenyewe. Nimeapa kutosimama mahali popote kabla sijauliza kuna nini. Ila nisiwadanganye: mtoto huyu akinyamaza tena, nitarudi kulekule kuaibika.