Fyuzi ya nne haikuwasha kitu, fundi akasema ni waya mfu

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa wasioitikia hiyo, habari za jioni.

Humu watu huuliza kila mara kama wabadilishe bodi ya stima nyumbani au waiache. Mimi nimebadilisha. Haya yametokea nyumbani kwetu Garissa, sijatia chumvi, na sehemu ya mwisho siielewi hadi leo.

Nianze na bodi yenyewe.

Marehemu baba, Farah, alikuwa karani na mkalimani bomani miaka ile ya vita vya Shifta, waasi waliotaka eneo letu lijitenge na Kenya. Nyumba chache za wafanyakazi zilivutiwa waya kutoka jenereta ya serikali, yetu ikiwemo. Baadaye sana mita ikafungwa nje, lakini bodi ikaachwa vilevile: kipande cha mbao ukutani, swichi kuu ya chuma, na fyuzi nne za kauri.

Kwa vijana ambao hawajaziona: ndani ya fyuzi ya kauri kuna uzi mwembamba wa waya. Mzigo ukizidi, uzi unayeyuka, stima inakatika. Kazi yake ni kufa ili nyumba isiungue.

Kwetu kila ulipokatika ulifungwa mwingine mnene zaidi, ili usisumbue. Nina shahada mbili na niliona hiyo ni busara.

Zamani nyumba ilikuwa na taa na redio. Sasa kuna friji, feni, pasi, pampu ya maji. Na mama, ambaye sisi tunamwita Hooyo, ana ugonjwa wa sukari. Insulini yake inakaa kwenye friji. Joto la Garissa mnalijua.

Nilipokwenda likizo nikasikia harufu ya mpira ulioungua karibu na bodi. Mbao nyuma ya fyuzi ilikuwa imepiga weusi. Nikamwita fundi Kimanzi, mtu wa Kitui aliyekaa Garissa hadi anajua kutukana kwa Kisomali.

Akaitazama. "Ndugu, hii si bodi. Hii ni jiko."

Ilikuwa mchana. Akazima swichi kuu, akachomoa fyuzi moja, akawasha, tukaangalia ni nini kimekufa. Ya kwanza, taa. Ya pili, soketi. Ya tatu, pampu. Ya nne, hakuna kitu. Tulizunguka vyumba vyote, hadi choo cha nje. Kila kitu kilikuwa kinawaka.

"Waya mfu," akasema Kimanzi.

Hooyo alikuwa kwenye mkeka na tasbihi yake. Akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe kijana, hiyo ya nne wacha. Hiyo iko na mwenyewe."

"Mwenyewe nani, Mama?"

"Iko."

Nikamkonyeza Kimanzi kwamba ni mambo ya wazee. Kwa adabu tu, akauunga ule waya wa nne kwenye bodi mpya.

Bodi mpya ni nzuri, wakuu. Badala ya fyuzi kuna breaker ndogondogo, swichi zinazojikata zenyewe mzigo ukizidi, na juu yake kifaa kinachohisi stima inapovuja nje ya njia yake na kukata nyumba nzima kabla haijamuua mtu. Nilijiona mhandisi.

Jioni, adhana ya magharibi ikaanza, ta! Giza nyumba nzima. Nikainua swichi, ikaanguka. Nikainua tena, ikaanguka. Baada ya muda ikakubali yenyewe. Kesho yake, magharibi, ta! Keshokutwa, vilevile.

Kimanzi akasema ni friji. Mimi nikasema ni pampu, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Jirani tunayeswali naye akasema tusijisumbue, ni jini, na yuko tayari kutuletea sheikh. Kusema kweli, kati ya sisi watatu, wa jini ndiye pekee aliyeeleza kwa nini ilikuwa inafuata adhana.

Hooyo alihamishia insulini kwenye mtungi wa udongo uliofungwa gunia bichi, kama alivyofanya kabla ya friji, huku akitutazama kama watoto waliomwaga maziwa.

Mwishowe Kimanzi akaamua kutoa vyote na kurudisha kimoja kimoja. Akaanza kwa kuuchomoa ule waya mfu. Magharibi ikafika. Adhana ikaisha. Taa zikabaki, friji ikanguruma. Kimanzi akanyoosha mikono juu kama aliyefunga bao.

Ndipo tukasikia sauti ng'ambo ya ukuta.

Tunapakana na Eeddo Dahabo, bibi kizee mjane. Eeddo ni shangazi. Si wa damu, lakini kwetu hilo halina uzito. Alikuwa akiita kwa Kisomali, kwa sauti ya chini ya mtu anayeogopa kusikika: "Halimo! Halimo! Wanakuja upande gani?"

Halimo ni Hooyo. Alitoka bila viatu. Sijawahi kumwona akienda mbio.

Mlango wa Eeddo ulikuwa umekomewa. Hooyo alizungumza naye pale nje hadi akafungua. Alikuwa amekaa sakafuni chini ya dirisha, shuka kichwani, kiganja mdomoni.

Ndipo nikaambiwa. Wakati wa vita, mume wa Eeddo alipeleka ngamia upande wa Kotile na hakurudi. Bomani walisema amejiunga na Shifta. Wengine wakasema Shifta ndio waliomuua. Nyumba yake ikawa ya kupekuliwa na askari. Baba akapitisha waya chini ya ukuta, akampa balbu moja, na wakakubaliana: taa yako ikizimika na ya kwetu ikibaki, jua wanakuja.

Kumbe waya ule ulikuwa umechakaa udongoni, ukivuja kila Eeddo alipowasha balbu yake magharibi. Akiona giza alidhani stima ya mji imepotea, akazima swichi yake, na bodi yetu ikakubali. Lakini jioni ile kwake kulikuwa giza na kwetu mwanga.

"Hooyo, kwa nini hukusema?"

"Nilisema iko na mwenyewe. Mbele ya mgeni ulitaka niseme nini?"

Kimanzi, baada ya miaka yote ya kuishi Garissa, akaangalia viatu vyake.

Sasa wakuu, hapa ndipo ninapopotea. Asubuhi nilikaa nao kwa chai. Nikauliza baba alijuaje kwamba askari wanakuja. Hooyo akasema alikuwa akisikia malori.

Eeddo akacheka. "Farah asikie malori? Farah alikuwa ndani ya lori! Nani alikuwa akiwatafsiria?"

Nikauliza, "Basi kama baba alikuwa na askari, fyuzi ilikuwa ikichomolewa na nani?"

Hooyo akasema chai inapoa. Eeddo akamtazama Hooyo, kisha akageukia kikombe chake. Nimesomea historia chuo kikuu, na hilo ndilo jibu nililopata.

Kimanzi amezika kebo mpya yenye ganda la chuma na kuipa breaker yake. Alimshauri Eeddo avute mita yake mwenyewe, ndiyo sheria, na ndiyo salama. Eeddo akamuuliza, "Nikiwa na yangu, nani ataniambia?"

Kwa hiyo ushauri wangu: ukinusa kuungua, ukiona mbao imepiga weusi, au umeongeza friji na pampu juu ya waya za enzi ya redio, badilisha bodi, usingoje. Lakini fyuzi isiyowasha kitu kwako usiiite mfu. Ngoja jioni, ugonge ukuta kwa jirani.

Kwetu sasa, kabla mtu hajagusa breaker ya nne, Hooyo huvaa viatu, huenda kwa Eeddo, na kuketi naye hadi taa irudi.

Wenye bodi za zamani, au wazee wa miaka ile ambao bado wanazungumza, karibuni mchangie.