Ratiba ya Tela la Mama

Watu wa kwanza kuliona tela letu walidhani tunafungua kibanda cha chipsi. Sikuwalaumu. Baba alinunua tela kuukuu la kuvutwa na gari dogo, akalipeleka kwa mafundi wa kuchomelea kule Iyunga, na baada ya wiki tatu likarudi nyumbani Ilomba likiwa sanduku la bati lenye mlango, dirisha moja la kusukuma, na paa lililoinama nyuma ili maji ya mvua yasituame. Ndani kulikuwa na kitanda, kabati la jiko la gesi, na ndoano mbili za kutundikia makoti. Jirani alisimama getini akalitazama lile dirisha kwa muda.

"Mtaanza na chipsi kavu, au na mayai kabisa?"

"Ni la kulala," nikamwambia.

"Alale nani?"

"Sisi. Safarini."

Akageuka akaitazama nyumba yetu ya vyumba vitatu, kisha akalitazama tena tela. "Na ndani ya nyumba kumeharibika nini?"

Tela lilikuwa la mama. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Jioni moja, akisahihisha madaftari, alisema bila kuinua kichwa: "Mimi sijawahi kusafiri bila msiba." Baba akacheka, akaanza kumtajia safari zake, na kila aliyoitaja mama aliijibu kwa neno moja. Harusi. Msiba. Kipaimara. Msiba. Hata akienda kwao Iringa kupumzika, hufika, hujifunga kitenge kiunoni na kuingia jikoni kabla hajaonyeshwa pa kuweka mkoba. Baba aliendesha malori miaka thelathini kati ya Tunduma na Dar es Salaam, na hakuna mteremko ambao hajalala kando yake. Mama alikuwa akizipokea hizo habari pamoja na nguo za kufua.

"Unataka kwenda wapi?" baba akamuuliza.

"Kitulo. Kwenye yale maua. Usiku mmoja tu, mahali ambapo simpikii mtu. Niamke asubuhi nisimsalimie mtu yeyote."

Baba akanunua tela. Mimi nikapewa ratiba.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja na nusu nyuma. Shahada yangu ni ya mipango, na tangu niipate sikuwa nimepanga kitu chochote zaidi ya barua za maombi ya kazi, ambazo nilizisoma mara nane nane kabla ya kuzituma na mara nyingine sikuzituma kabisa. Kwa hiyo baba aliposema, "Wewe msomi, panga," niliichukua kazi hiyo kama watu wanavyochukua ajira. Nilinunua daftari jipya. Nikachora jedwali. Nikaandika juu yake: Mbeya, Chimala, Matamba, Kitulo, Makete, Njombe, Makambako, Mafinga, Iringa, halafu kurudi kwa lami. Njia nzuri kuliko zote za nyanda zetu, milima mwanzo hadi mwisho. Siku tano. Usiku wa kwanza, Kitulo.

Ndipo nikaanza kufikiri, na nikianza huwa siachi.

Maua ya Kitulo yanataka mvua. Tela linataka barabara kavu. Likizo ya mama ilikuwa Desemba, na shule zingefunguliwa Januari, kwa hiyo hapakuwa na kungoja mvua iishe. Toka Chimala kupanda Matamba kuna kona hamsini na saba, na watu huuita mlima wenyewe kwa hesabu hiyo, Hamsini na Saba. Nilimuuliza baba kila kona ina upana wa mita ngapi.

"Kona ni kona," akasema.

"Lakini gari na tela pamoja ni mita kumi kasoro. Tukikata kona ikakataa?"

"Tunarudi nyuma kidogo, tunakata tena."

"Na nyuma kuna nini?"

"Nyuma kuna ulikotoka."

Nikaandika hilo kwenye daftari chini ya neno Hatari, likawa la kumi na moja. Breki za tela hazijajaribiwa. Ndoano ya kuunganishia ni ya kuchomelea. Gesi hupungua nguvu kwenye baridi. Mama hujisikia kichefuchefu kwenye kona. Nililala nikiziona hizo kona, nikaamka nikiwa na jibu: Kitulo isiwe mwanzo, iwe mwisho. Tuanze na lami, tulijaribu tela hadi Iringa, tulizoee, halafu tukirudi tupande mlima tukiwa tumelijua.

Baba alikuwa anakaza nati za gurudumu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Anza na Kitulo," akasema. "Mlima unaupanda tela likiwa jepesi."

"Litakuwa jepesi tu. Kitanda ni kile kile, jiko ni lile lile."

"Jepesi ni la siku ya kwanza."

Nilimpa sababu sita. Nilikuwa nimezipanga kwa uzito. Katikati ya sababu ya nne akachukua spana yake akarudi kwenye nati. "Haya, msomi." Niliona nimeshinda, nikaenda ndani nikaandika jedwali upya kwa kalamu ya wino.

Siku ile ile mama aliandika kwenye kundi la ukoo, kwenye simu, kwamba tutapita hadi Iringa na tela. Mstari mmoja, na picha. Nilipouona ulikuwa umeshasomwa na watu arobaini.

Mama mkubwa wa Iringa ndiye aliyepiga kwanza, na hakumpigia mama, alinipigia mimi.

"Kamwene. Nasikia mnakuja na nyumba yenu."

"Ni tela tu, mama mkubwa. La kulala njiani, tusisumbue watu."

"Sasa mdogo wangu alale kwenye bati, uani kwangu, majirani wananitazama? Wajue nimefiwa na vitanda?"

"Hapana, mama mkubwa, siyo kwamba..."

"Hapo Makambako mmemwambia kaka yenu? Na Mafinga? Au mtawapita na nyumba mgongoni kama konokono?"

Nilijaribu kumweleza maana ya safari. Nilisema neno utalii. Akasema watalii ni watu wasio na ndugu huko wanakokwenda.

Kwa siku nne nilipokea simu. Wa Makambako alisema ukipita kwangu bila kulala usije tena. Wa Mafinga alisema watoto wameshaambiwa. Jedwali langu la siku tano likawa la siku nane, nikajaribu kupunguza Iringa, mama mkubwa akaongeza siku moja ya kwenda kusalimia upande wa bibi. Nilimwendea mama na daftari, nikamwambia tukikataa nyumba mbili tu tutakuwa sawa. Mama alilitazama jedwali kama anavyotazama kazi ya mtoto aliyejitahidi. "Utampitaje mtu aliyekulea?" akasema. Kitulo ikabaki Jumamosi ya mwisho, usiku mmoja, kabla ya Jumatatu ambayo walimu walitakiwa kuripoti. Niliizungushia duara jekundu. Duara lilinitia moyo.

Tukaondoka. Tela lilivutika vizuri kuliko hofu zangu zote, na hilo nalo liliniudhi. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alilizunguka, akachungulia dirishani, akauliza, "Mnauza nini?" Baba akasema usingizi. Askari akacheka, akatupungia tupite.

Makambako tulipewa kitanda cha wenye nyumba, na wenye nyumba wakalala na watoto wao, na watoto waliozidi wakalala kwenye tela. Mafinga hivyo hivyo. Kila asubuhi nilikuta kitanda cha mama kina makombo ya maandazi. Iringa mama mkubwa alitupokea kwa vigelegele, akalishika tela mlango, akalifunga, akaweka ufunguo kwenye kitenge chake. Nilikuwa nimeandika kwamba jioni ya pili tungepanda kwenye lile jiwe kubwa la Gangilonga tuutazame mji. Jioni ya pili mama alikuwa anamenya viazi vya watu kumi na wanne.

Asubuhi ya tatu nilimkuta mama akipuliza jiko la mkaa. Mama mkubwa akatokea, si kutoka ndani, kutoka uani. Alikuwa amelala kwenye tela. Alimwachia mama kitanda chake, akasema yeye atalinda lile bati lisije kuibiwa. Akajinyoosha mikono yote miwili.

"Kitanda chenu kizuri," akasema. "Kimya kabisa. Nimeamka mwenyewe, sijasikia mtoto, sijasikia mtu."

Mama akaendelea kupuliza mkaa. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe, na nilihisi uso unawaka kana kwamba mimi ndiye ninayepulizwa.

Siku ya kuondoka zikaja zawadi. Debe la maharage. Magunia mawili ya mahindi. Mafinga wakasimama barabarani na mbao sita, "za meza ya mama." Makambako magunia matatu ya viazi, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Zawadi haikataliwi, na gari mbele lilikuwa na sisi watatu tu na mabegi, kwa hiyo kila kitu kilikwenda nyuma, juu ya kitanda. Tela likaketi chini mpaka bati la juu ya matairi likakaribia kugusa mpira. Pia tulikuwa nyuma ya ratiba kwa siku nzima, kwa sababu hakuna aliyetuaga mara moja.

Tulifika Chimala Jumapili mchana. Baba akaegesha gari kando, mbele ya njia inayokwenda Matamba. Mlima ulikuwa mbele yetu, na barabara ilionekana ikipanda huku na huku kama uzi wa mtu asiyejua kushona. Ukungu ulikuwa umekaa juu. Baba akashuka, akalizunguka tela, akalipiga teke tairi moja taratibu, akalishikilia kwa mguu.

"Kwa mzigo huu, hapana."

Hakusema kwamba aliniambia. Angesema ningepata cha kumjibu.

"Tunaweza kuacha magunia hapa," nikaanza. "Tutafute duka, tuwaombe watuhifadhie, tupande saa saba, tufike saa kumi na moja, tulale, saa kumi alfajiri tushuke, mama ataripoti akichelewa saa mbili tu, nikipiga simu kwa mwalimu mkuu..."

"Mwanangu," mama akasema. "Acha kupanga."

Nikaacha. Duara jekundu lilikuwa kwenye daftari mapajani mwangu.

Mama akashuka, akaenda nyuma, akafungua mlango wa tela. Akasukuma gunia moja la viazi kwa bega, akalitazama lile la pili, akaliacha. Akavua viatu, akavipanga chini kwenye nyasi kama mtu anayeingia kwa watu.

"Huyu kuku mtoeni."

Nikamtoa kuku. Mama akapanda juu ya magunia, akavuta mlango. Nikasikia kitasa.

Simu yangu ikalia. Mama mkubwa.

"Mmefika wapi? Wifi yetu wa Igurusi yuko barabarani anawasubiri tangu saa tano. Nimwambie abandike maji? Kuku ameshakamatwa."

Igurusi ilikuwa mbele yetu, si mbali. Kwa kawaida mimi mtu akiniuliza niko wapi humwambia, halafu humweleza kwa nini, halafu humwomba radhi. Nilikuwa nimembana kuku wetu kwapani, moyo wake ukidunda kwenye mbavu zangu.

"Asibandike, mama mkubwa. Tumeshapita. Tuko Uyole."

"Mmepita! Hata kusalimia?"

"Mama amechoka."

"Amechokea nini? Si alikuwa likizo?"

Nikamwambia nitampa mama salamu zake, nikakata. Nilianza kuhesabu ni watu wangapi wangejua kabla ya jioni, wifi wa Igurusi angeona gari letu likipita, tungemwambia nini.

Baba alikuwa amesimama karibu, akiutazama mlima.

"Uyole hii ina kona nyingi," akasema.

Kisha akaenda kwenye mtaro, akarudi na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi la tela. Akaenda akaleta la pili. Ndivyo alivyofanya miaka yote aliposimamisha lori, lakini hapa palikuwa tambarare.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Malori yakipita linatikisika. Ataamka."

"Tutaondoka saa ngapi?"

"Akiamka."

Mvua ikaanza, ndogo, ikilia juu ya bati. Nikaviokota viatu vya mama nikaviweka chini ya tela. Tukaingia kwenye gari, baba, mimi na kuku, tukafunga vioo, nikazima simu. Baba hakuwasha redio. Lori moja lilipita, la pili likapita, na kila mara aligeuza macho kwenye kioo cha pembeni kuangalia kama tela limetikisika.

Ilipita karibu saa moja na nusu. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu umeshuka mpaka kona za chini. Nikasikia kitasa. Mama alitokea mlangoni, kitambaa kimeteleza kichwani, alama ya gunia imechapika shavuni. Nikateremsha kioo, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumuuliza ameamkaje.

Baba akanishika mkono.

Hatukumsalimia. Mama akakaa pale mlangoni, miguu ikining'inia, akiutazama mlima, na hakumsalimia mtu.