Santuri Iliyopigwa Msasa

Mtu anayeng'arisha kitu cha wenyewe bila kuombwa ananitia kinyaa hadi leo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu huko Suneka. Padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya aliniachia gramafoni ya betri na santuri mbili za mpiga piano mmoja, mwanamke, akipiga pamoja na okestra. Katika ya kwanza alipiga kazi ya Mrusi fulani. Lo! Mbwembwe tupu, vidole mbio mbio, hata chai ilinishinda kunywa. Ya pili ilikuwa ya Mjerumani, na humo mama yule alikuwa mtu mwingine kabisa. Kwenye sehemu ya polepole okestra inafoka, yeye anaijibu kwa upole mpaka inanyamaza. Mtunzi alikufa zamani, lakini ungeapa yeye na mama yule walilelewa nyumba moja.

Likizo moja nilikwenda semina Kisumu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mchonga mawe wa Tabaka, akaja kutusaidia shambani. Unga wa mawe mpaka kwenye nyusi! Nilimwambia mke wangu, huyo na piano wapi na wapi.

Niliporudi, shemeji alinipokea na santuri ya Mjerumani mkononi, inameremeta.

"Shemeji, niliipiga sana ikakwaruzika. Nimekutengenezea."

Alikuwa ameitia kwenye karai la maji, akaisugua kwa msasa laini, kisha akaipaka nta, vile wanavyomalizia vinyago vya mawe kwao. Nta ilikuwa imeganda kwenye mistari kama ukoko wa uji.

Niliiweka kwenye gramafoni. Shhh, tangu mwanzo. Yeye akaketi kigodani, akafumba macho. Baadaye akainua kidole.

"Hapo wanafoka," akanong'ona. "Sasa mama anaingia."

Mimi nilisikia mkwaruzo tu. Lakini nilitazama sindano ilipofika, na kweli, hapo ndipo anapoingia.

"Wamenyamaza," akasema, machozi yakimlengalenga.

Nikamwambia atoke nyumbani kwangu na mikono yake michafu. Ptuu! Kwetu shemeji hafukuzwi hata akichoma ghala.

"Haya, mwalimu," akajibu. Tangu siku hiyo hakuniita shemeji tena. Suneka nzima ni yeye peke yake aliyemsikia yule mama kama nilivyomsikia mimi, na hilo nililijua nikiwa bado nimemshikia mlango.