Mifuko Kumi na Miwili ya Udongo

Shule niliiacha darasa la nne. Nikakata mkonge Korogwe, nikachoma mkaa Mkata, na miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa nikajikuta Lutindi, nikichimba mashimo ya mtaalamu wa udongo wa misitu. Serikali ilitaka kujua misonobari, ile miti ya kigeni yenye majani kama sindano, inaifanya nini ardhi. Kazi niliipenda. Siku ya kwanza nilifukua chini ya sindano zilizooza: udongo wa kijivu, harufu ya uchachu, nyuzi nyeupe za ukungu kila mahali, na nyungunyungu hata mmoja sikumwona. Nikamuuliza mtaalamu sababu. Akasema nimeajiriwa kuchimba, si kuuliza.

Siku ya kuchukua sampuli mvua ilinyesha. Tulitakiwa kujaza mifuko sita juu kilimani kwenye misonobari, na sita chini, kwenye migomba ya mama mmoja mjane. Udongo wa misonobari ukionekana mbaya, shamba lake litaachwa. Ukionekana sawa, litapandwa misonobari naye ahamie kijijini bondeni.

Yeye hakuambiwa hayo. Alidhani tumekuja kukagua nani analima vizuri. Akatupeleka moja kwa moja nyuma ya jiko, kwenye shina alilolimwagia majivu, maganda na samadi ya mbuzi miaka yote.

"Chimbeni hapa," alisema. "Msije mkanichimbia pale kwenye mawe mkanitia aibu."

Mtaalamu akajaza mifuko sita. Akatazama kilima, akatazama viatu vyake. Kisha akajaza sita mingine palepale na kuiandika "Misonobari", huku akitafuna ndizi alizotuchomea mama yule, vidole vikiwa na samadi hadi kwenye kucha.

"Mzee, huu si wa juu," nilimwambia.

"Udongo ni udongo. Shika mfuko."

Nikashika.

Baadaye majibu yalisomwa mkutanoni: hakuna tofauti yoyote. Mtaalamu akasifiwa kwamba vipimo vilivyolingana namna ile vinaonyesha umakini. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, na hadi leo nikikumbuka mikono yangu ikigongana naona kinyaa.

Mama akanifuata nje. "Mwanangu, ile mifuko yote mliijaza kwangu. Wewe ndiye uliyeishika. Rudi ndani uwaambie."

Nikamwamkia shikamoo, kana kwamba hilo ndilo jibu. Halafu nikasema mimi ni wa darasa la nne tu, mambo hayo ni ya wasomi. Mimi, niliyekuwa nimenusa udongo ule wa juu kwa pua yangu.

"Marahaba," alisema, akaenda zake.

Wiki iliyofuata nilipewa kazi ya kuchimba mashimo ya miche nyuma ya jiko lake. Nilichimba. Kila jembe lilitoka na nyungunyungu.