Uki wa Susu na Mapango ya Shampeni

Harufu ndiyo iliyonikasirisha kwanza. Tulikuwa tumeshuka ngazi nyingi hadi kwenye pango la chokaa ambamo watu wa Champagne, kule Ufaransa, huhifadhi mvinyo wao wenye mapovu, na baridi ya mle ndani ilikuwa ya kukunjisha mabega. Nikavuta pumzi, na badala ya Ufaransa nikanusa jiko la nyanya yangu kule Kasikeu: utamu uliochacha, unyevu, na kitu kama unga wa mandazi unaoumuka. Ilikuwa mwezi wa nne. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa wa shule ya upili, nilikuwa nimepelekwa huko kwa mafunzo ya majuma matatu, na siku ya mwisho wakatupakia kwenye basi kwenda kuona mashamba ya mizabibu. Wenzangu walikuwa wakipiga picha. Mimi nilisimama pale nina hasira ya kutosha kuvunja kitu, na sikujua bado nimkasirikie nani.

Aliyetutembeza alikuwa mama wa makamo, Odile, mwenye skafu ya kijani na tabasamu lisiloisha. Huko juu shambani alikuwa ametuonyesha machipukizi madogo kama ncha ya kidole, na kati ya mistari ya mizabibu mikebe ya nta ambayo familia nzima huamka kuiwasha baridi inapotishia kuyaunguza. Serikali, akasema, inawaunga mkono kwa kila hali, na hata jina la mvinyo wao linalindwa na sheria. Sasa huku chini akatuonyesha chupa zilizopangwa vichwa chini, na jinsi mtu anavyozizungusha kidogo kwa mkono kila siku. Kisha akaweka kidole mdomoni. "Tafadhali tuongee polepole," akasema. "Mvinyo umelala." Watu wazima wakacheka kwa kupendezwa, wakaanza kunong'ona kama walio kanisani. Wacha we! Kumbe jambo hili likifanywa Ufaransa ni la kupendeza.

Kwa Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, hakuna aliyeniwekea kidole mdomoni. Nilijua tu. Nilikuwa na miaka tisa, niko darasa la tatu, na mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimenyesha vizuri hata migunga ikachanua mpaka vilima vikanuka asali. Baba mdogo Mutua, kitinda mimba wa Susu, alikuwa na mizinga ya magogo aliyoitundika mitini, na mwaka huo aliirina yote kwa furaha ya mtu anayetaka kuoa. Msichana aliitwa Ndunge, wa upande wa Emali, mcheshi, aliyenisuka nywele mara mbili nami nikaapa kwamba sitasukwa na mwingine. Mbuzi wa mahari walikuwa wamekwisha kwenda kwao. Kilichobaki kilikuwa uki, pombe ya asali, uliopikwa na mama wa mwanamume kwa mikono yake mwenyewe. Kwetu wakati huo baba wa msichana hakukupa binti yake mdomo mkavu. Alikunywa kwanza, akawapa wazee wake wakanywa, ndipo akamwita binti. Bila uki wa Susu, Mutua hana mke, na jambo hilo hata mimi mtoto nililielewa.

Uki haukuchacha wenyewe. Ulihitaji miatine, vipande vya ndani ya tunda refu la mti wa mwaatine, vyepesi na vyenye matundu matundu, ambavyo hushika chachu na kuipeleka kutoka kibuyu hadi kibuyu. Za Susu alipewa na mama mkwe wake siku alipoolewa, naye alipewa na wa kwake. Kila uki ulipoiva Susu alizitoa, akazianika juani, akazirudisha ndani ya kiondo kilichoning'inia juu ya moto. Hazikuuzwa wala hazikuazimwa. Alichanganya asali na maji katika vibuyu vitatu, akatia miatine, akavifunika kwa blanketi kuukuu karibu na mafiga, na kila asubuhi na jioni akavizungusha kidogo ili joto livifikie pande zote. Halafu alinivuta karibu nitege sikio. Ndani kulikuwa na sauti ya kuchemka, ndogo mno, kama manyunyu juu ya majani makavu. "Sikiza," aliniambia. "Bado ni mtoto huyu."

Na penye uki hapapigwi kelele. Hilo ndilo nililolipenda kuliko yote. Ukigomba karibu nao unaharibika, Susu alisema, kwa hiyo siku zile zote nyumba ilikuwa na amani ambayo sijaipata tena popote. Mutua aliitwa kula kwa kunong'onezwa. Nilipovunja chungu cha maji, mwiko usiosameheka, Susu alinikazia macho, akanielekeza mlangoni, akatoka nami hadi zizini, na huko ndiko alikonifokea mpaka mbuzi wakasogea. Kisha akarudi ndani akitembea kwa ncha za vidole. Nilicheka siku nzima.

Jumapili nikaenda shule ya watoto kanisani. Mwalimu wetu, kijana mpole mwenye shati jeupe, akamwambia kila mmoja wetu aeleze ni baraka gani Mungu ameleta nyumbani kwao juma lile. Wenzangu walisema mvua, kunde, ndama. Zamu yangu ilipofika nikasimama kifua mbele. Nikasema kwetu kuna vibuyu vinavyoimba, na Susu hataki tupige kelele visije vikaharibika, na baba mdogo Mutua ataoa. Mwalimu akatabasamu. Akanipa kadi yenye picha ya mchungaji na kondoo, zawadi ya kusema vizuri. Niliibeba kadi ile juu juu njia yote ili isishike vumbi.

Jumatano mchana wakaja: chifu wa wakati huo, askari wake wawili wenye rungu, na mzee mmoja wa kanisa aliyekuja, eti, kushuhudia. Chifu huyo kila mtu alimwona akinywa bia ya chupa kwenye baa za Emali hadi akabebwa, lakini bia hiyo ilikuwa ya kiwandani, ina karatasi shingoni, kwa hivyo ilikuwa maendeleo. Cha Susu kilikuwa uhalifu. "Uko na kibali, mama?" akauliza kwa kelele. Susu alisimama kati yake na mafiga. "Naomba tuongee polepole," akasema, "kuna uki hapa." Walicheka! Mzee wa kanisa akasema huo ndio ushirikina wenyewe, mnausikia kwa masikio yenu. Rungu likapiga kibuyu cha kwanza, cha pili, cha tatu, na asali ya msimu mzima ikatiririka kwenye majivu. Kisha mzee yule akaangua kiondo, akauliza ni dawa gani hizi, na bila kungoja jibu akazimwaga motoni miatine zilizobaki, na zile zilizotoka vibuyuni akazisukumia humo humo kwa kiatu. Susu hakupaza sauti hata mara moja. Nafikiri alikuwa bado anautunza, ingawa ulikuwa umekwisha kumwagika miguuni pake.

Walimlazimisha kufyeka nyasi kwenye kambi ya chifu juma zima, mama wa umri ule, mbele ya watu waliokuwa wakimheshimu. Kanisani wakamzuia meza ya Bwana. Mutua alipeleka kreti za soda kwa kina Ndunge, na baba yake msichana akazitazama, akasema soda ni ya watoto, arudi akiwa na kitu cha mama yake. Angerudi na nini? Susu angeweza kupata asali nyingine, lakini miatine zilikuwa majivu, na kuchachusha kwa za mwingine ilikuwa kupeleka uki wa mwingine. Ndunge aliolewa Kyuso mwaka uliofuata. Mutua akapanda gari la moshi kwenda Mombasa, na mpaka leo hajaoa wala hataki kuulizwa. Mimi nilimwendea Susu nikamwambia ni mimi niliyesema. "Wewe ulisema ukweli," akajibu. "Wao ndio walikuwa na kazi na ukweli wako." Kadi ile niliitupa chooni, na mpole yule wa shati jeupe sijamsamehe, na sina mpango.

Ndiyo maana kule pangoni, wote wakinong'ona, nilimuuliza Odile kwa sauti yangu ya darasani: na mtu akiingia humu na rungu avunje chupa zote hizi, mtafanya nini? Watu wakageuka. Alidhani natania. "Bibi, tutaita polisi," akasema akicheka. Nikacheka pia, vibaya, mpaka mwenzangu mmoja akanishika mkono. Ninyi mna polisi wa kuita. Kwetu, waliovunja ndio tuliowaita serikali.

Nilinunua chupa moja, nikaileta Kasikeu. Susu ni mzee sana sasa, macho yamefifia, lakini alipokea chupa, akaitegea sikio kabla hata sijamwambia ni nini. Nilipoifungua ikalia paa, na kabla hatujamaliza kucheka, nani aliyebisha hodi kama si mzee yuleyule wa kanisa, mkongojo mkononi, amekuja kumsalimu mwalimu aliyetoka ng'ambo. Nikamwekea bilauri. Nilimjaribu, sitadanganya. Akauliza ni nini, nikasema shampeni, ya Ufaransa. Akaonja. Akaonja tena. "Hii si pombe," akasema akipangusa masharubu, "hii ni kinywaji cha wageni wa heshima." Nikadhani Susu pale kitini hajasikia. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya chini: "Mwongeze. Halafu muulize miatine zangu ziko wapi."

Mzee akaweka bilauri chini, akaanza kutafuta mkongojo wake. Kwa Susu hakuna kibuyu karibu na moto tena, hakuna kitakachoharibika mtu akipiga kelele. Nikasimama mlangoni ili asipite, na nikapaza sauti.