Samaki wa Mjomba Walipoanza Kufa

Siku ile naikumbuka kwa sababu ya konokono, mwanangu. Cheka tu, najua unataka kucheka. Lakini konokono ndio waliotangulia kufa katika akwariamu ya mjomba wangu, na asubuhi mke wa mjomba alipowakuta chini ya maji, wamelegea, nusu wametoka magambani, aligeuka polepole akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika fagio, nikainama nikaendelea kufagia mahali nilipokwisha kupafagia.

Nilikuwa msichana wa umri wako. Mama yangu alikuwa amefariki huko Kakanda, na baba sikumjua. Ndugu wa mama walikutana hapa Likasi, nyumbani kwa mjomba, kule Panda katika nyumba za zamani za wafanyakazi, wajadiliane nani atanichukua. Walizunguka weee, kila mmoja na shida zake, mpaka mjomba akasema, "Atabakia hapa. Ni mutoto ya dada yangu." Wengine walishukuru haraka haraka, wakamaliza bukari, ugali wetu, na mboga, wakaaga. Ndivyo nilivyobaki na mfuko wangu wa nguo katika nyumba ya watu nisiowazoea.

Mjomba alikuwa karani, mtu wa shati lililopigwa pasi, na akwariamu ile ilikuwa fahari yake. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Kioo kikubwa, pompi ya kupulizia hewa, na samaki wekundu wenye mikia mirefu iliyokuwa ikipepea kama kitenge kwenye kamba. Majirani walikuja kuiangalia. Watoto walibandika pua dirishani mpaka mkewe akawafukuza. Huyo mkewe tulimwita Mama Beya, kwa jina la mtoto wao wa kwanza na wa pekee, ambaye bado alikuwa mchanga, na kifua chake kilikuwa kinamsumbua kwa vumbi la kiangazi. Mtoto alikohoa, mama hakulala. Nakuambia hivyo ili usije ukamchukia.

Baada ya konokono, samaki wakaanza. Walipanda juu, midomo wazi, wanahema mbio mbio kama watu waliopanda mlima. Mapezi yao wakayabana mwilini. Wengine walijisugua kwenye mchanga wa chini, wakawa na utandoutando mweupe mgongoni. Kisha mmoja akaelea ubavu. Mjomba alisema ni umeme unaokatika, pompi inasimama, hewa inawaishia. Tukakaa tunaitazama pompi. Ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, na samaki wanahema vilevile. Akaenda duka la dawa akarudi na vidonge vya watu, akavipasua ndani ya maji. Maji yakawa ya njano, na samaki mwingine akafa. Akajaribu chumvi. Akabadilisha maji yote, hapo wakachangamka kidogo, hata mjomba akapiga mluzi. Halafu siku si nyingi wakarudi juu, midomo wazi.

Mimi nilikuwa jikoni nachambua sombe, majani ya muhogo, nilipomsikia Mama Beya saloni, yaani sebuleni.

"Tangu huyu mutoto aliingia mu hii nyumba, hakuna kintu inaishi," alimwambia mumewe. "Mamake alikufa. Konokono ilikufa. Samaki inakufa. Kisha ya samaki, ni nani?"

Mjomba hakujibu. Nilimsubiri ajibu, mwanangu. Niliisubiri sauti yake mpaka majani yakaniponyoka mkononi. Kutoka chumbani Beya akakohoa, na mimi nikajua jibu la swali lile ni nani.

Alimaanisha mimi ni mchawi, na wewe unajua maana ya neno hilo likishasemwa juu ya mtoto. Unawaona wale watoto waliofukuzwa, wanaolala sokoni, wengine wana mama zao wazima katika mtaa uleule. Siku hizo nilikuwa nawapita nikienda kununua unga, nikawa nageuza uso, kama kwamba nikiwatazama watanitambua. Na nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia hata baba wa wanangu. Nilianza kujishuku mwenyewe. Walikuwa wanasema ndoki, yaani mchawi, anatoka ndani ya mtu akiwa usingizini, mwenyewe hana habari. Basi nikaogopa kulala. Nikiamka, kitu cha kwanza ni kwenda kuhesabu samaki, na akikosekana mmoja, nasema moyoni, Mungu wangu, huenda kweli ni mimi.

Ikapangwa kwamba Jumapili pasta mmoja atakuja kuniombea. Kuombewa, hilo ni neno zuri, lakini Mama Beya alikuwa amekwisha kukunja nguo zangu akazirudisha katika mfuko wangu, na mfuko akauweka nyuma ya mlango wa jikoni. Nikipita nauona. Hakuna aliyeniambia nitaenda wapi.

Hofu ikizidi, mtu anafanya lolote. Nikasema, nikiwaponya hawa samaki, nitapona. Mchana mmoja nilichota maji yaliyokuwa yamelala pipani, nikayatia katika beseni, nikamtoa yule samaki mnyonge kuliko wote, yule aliyekuwa amelala ubavu, nikamweka humo. Nikachutama hapo namwangalia. Alikaa, akakaa. Kisha akanyooka. Mapezi yakafunguka. Kufikia jioni alikuwa anazunguka beseni anatafuta chakula! Furaha niliyopata, ee Mungu! Nikapiga kelele, "Mama Beya, kuya uone, amepona!"

Alikuja na mtoto mgongoni. Akaangalia beseni, akaniangalia mimi, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Munaona?" alimwambia mjomba aliyekuwa nyuma yake. "Ule alifunga, njo anafungula."

Aliyefunga ndiye anayefungua, ndivyo alivyosema, na hapo ndipo niliogopa kweli. Samaki wakifa, ni mimi. Samaki wakipona, ni mimi. Sikuwa na pa kukanyaga. Nikamrudisha samaki wa watu katika akwariamu yake, kwa mikono yangu hii, maana niliambiwa nimrudishe, na kesho yake alikuwa amekufa.

Jumamosi akaja Kaku. Kaku ndiye bibi yetu, mama wa mjomba na mama wa marehemu mama yangu. Alikuwa anakaa Kambove, na tangu msiba alikuwa hajatoka nje. Sijui nani alimpelekea habari. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye ulimi ambao hata wakwe zake walikuwa wanauogopa. Aliingia, hakutaka maji ya kunywa, hakutaka kiti kizuri. Alivuta kigoda akakaa mbele ya akwariamu, akawatazama wale samaki waliobaki kwa muda mrefu sana, bila kumwuliza mtu kitu. Mama Beya akamweleza yote. Kaku alisikiliza macho yakiwa bado kwenye maji.

Kisha akasema, "Huyu mutoto, mumutume kwa jirani. Asiguse kintu. Hata kuangaria, asiangarie."

Mtu wa mwisho niliyekuwa nikimtegemea, mama wa mama yangu, naye ananitoa! Nilikwenda kwa jirani, mama mmoja mwuza maharage, nikakaa uani kwake nachagua maharage bila kuona maharage. Nililala kwake. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria pale sokoni ni wapi panapokingwa na upepo.

Yaliyotendeka ndani nilisimuliwa na mjomba mwenyewe, baadaye, kichwa chini.

Kaku alimwuliza, "Munasema ilianza wakati mutoto aliingia. Bon, haya. Wakati ule, ni nini ingine iliingia mu hii nyumba?"

"Hakuna, mama."

"Fikiri."

Mjomba akafikiri. Kwa ajili ya kile kikao cha ndugu alikuwa amepamba saloni. Akataja rido, mapazia mapya. Akataja kitambaa cha meza. Halafu akataja jiwe. Alikuwa ameletewa bonge la malakiti, lile jiwe letu la kijani, kutoka kwenye machimbo, akalisugua kwa ndimu mpaka likang'aa, akalitia katikati ya akwariamu wageni walione. Mimi nilipoingia nililikuta humo, nikadhani limezaliwa humo.

Kaku hakusema aha. Aliagiza beseni mbili. Akamwambia Mama Beya azijaze maji yeye mwenyewe, kutoka pipa moja. Akamwambia mjomba atoe samaki yeye mwenyewe, aweke huku na huku, na jiwe alitie katika beseni moja, nyingine iachwe na maji matupu. Kisha akahamishia kigoda chake pale, akakaa kati ya beseni mbili kama askari wa zamu, mtu yeyote asisogee.

Jumapili pasta alipofika kutoka ibadani aliwakuta wote wamesimama wameinamia beseni. Kwenye maji matupu, samaki walikuwa wanaogelea. Kwenye jiwe, mmoja alikuwa amekufa na mwenzake anahema juu, mdomo wazi, mapezi yamebanwa.

"Mutoto iko wapi?" Kaku aliuliza.

"Kwa jirani," mjomba alijibu.

"Aligusa?"

"Hapana."

"Aliangaria?"

"Hapana, mama."

"Sasa hii samaki, ni nani anailoga?"

Malakiti ni jiwe la shaba, mwanangu, na mtu gani wa Likasi hajui maji ya shaba? Tunayaona kila siku, vile mifereji inayotoka kwenye machimbo pembeni yake hakuoti hata jani. Mjomba alijua. Mama Beya alijua, baba yake alizeekea kwenye shaba. Mimi pia nilijua, nimetoka Kakanda! Hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria lile jiwe, kwa sababu wote tulikuwa tunamfikiria mtoto. Hata mimi mwenyewe nilikuwa namfikiria mtoto.

Kaku alimgeukia mwanawe. "Minye nilishazika mutoto moja mu hii mwaka," alisema. "Munataka nizike na wa kwake? Hii kidole ya kuonesha bantu, minye naiyua. Walituoneshaka shiye bote mu hii muji, weye ukiwa mudogo, ukalia. Leo njo weye unaonesha?"

Alimaanisha miaka ile watu wa kabila letu, sisi wote, waliponyooshewa kidole mjini. Mjomba akalia tena, mtu mzima, mbele ya pasta. Pasta, Mungu ambariki, aliombea nyumba nzima, akaenda zake.

Mimi nilisikia geti la jirani likifunguka nikasimama, maharage yote chini. Nilijua wamekuja kunipeleka. Alikuwa Mama Beya, peke yake. Macho mekundu. Alisimama mbele yangu. Halafu akamfungua mtoto mgongoni, akaniwekea mikononi. Beya yule wa kukohoa. Mtoto ambaye kwa siku zote zile mama yake hakuniruhusu hata kumshika mguu.

Samahani hakuisema, si siku ile wala baadaye. Na mimi sikuidai.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe uliye na kioo chako cha samaki na simu inayokutajia dawa mia. Samaki akiugua, usikimbilie dawa. Kaa chini umtazame kwanza, anahema vipi, mapezi yakoje, mgongo una madoa au utando. Angalia na wadogo walio naye, maana konokono wakifa kabla ya samaki, kuna kitu ndani ya maji. Mtenge mgonjwa kwenye maji mengine yaliyotulia. Akipona huko akaugua akirudi, acha kumtibu samaki, tafuta ndani ya kioo. Toa kilichoingia mwisho. Maji badilisha kidogo kidogo, si yote kwa mara moja kama mjomba. Dawa ije nyuma ya hayo yote, na chuma na shaba na mawe yetu mazuri yakae kabatini.

Hayo ni ya samaki. Ya watu ni yaleyale, ila yanaua zaidi. Siku nyumba yako itakapoingiwa na hofu, na itaingiwa, maana hakuna nyumba isiyougua, utasikia mtu anasema "tangu fulani aingie". Hapo hapo simama. Uliza ni nini kingine kilichoingia. Uliza kwa sauti, wote wasikie, na usikubali jibu la "hakuna" mara ya kwanza. Na yule anayeoneshwa kidole usimwache ajitetee peke yake, maana mimi najua, hata akiponya wataona amekosea. Vuta kigoda ukae wewe.

Haya, njoo hapa nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe macho ya kutazama kwa muda mrefu, na mdomo wa kuuliza. Asikupitishe pale nilipopita mimi. Na siku mtoto wa mwingine atakapobisha kwako, anaogopa mpaka mate yamemkauka, asifike kwenye mlango wa mtu mwenye hofu kuliko yeye. Amina. Sema amina, mwanangu.